Kuna Mkono?

Orrin Vavra alikuwa mpiga mnada wa ng'ombe kabla hajawa msomaji wa Bunge la jimbo, na kazi ya pili aliipata kwa sababu ya ile ya kwanza. Katiba yetu inataka kila muswada usomwe wote kwa sauti mbele ya wabunge, mara tatu, siku tatu tofauti. Walioweka sharti hilo walitaka wabunge wajue wanachopitisha. Wabunge wa siku hizi hawana haja ya kusikia, lakini sharti lipo, kwa hiyo walimtafuta mtu mwenye mdomo mwepesi kuliko wote jimboni wakamkalisha kwenye kiti cha msomaji. Orrin akisoma, muswada mnene kama matofali unakwisha kabla kahawa haijapoa. Maneno yote yanatoka, hakuna hata moja linalorukwa, na hakuna anayeambulia kitu. Ukitaka kuujua unafiki wa serikali una sura gani, ndio huo.

Miezi ya baridi alikuwa bungeni. Miezi mingine yote, kila Jumanne, alikuwa mnadani kwetu, juu ya kibanda chake cha mbao, kofia kisogoni, kipaza sauti mdomoni, anauza ng'ombe. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye tumbo la mkate na siagi, na koo alilitunza kama wanavyolitunza waimbaji: asali asubuhi, asali jioni, na nyumbani hakupaza sauti hata siku moja. Mkewe LaVonne alikuwa akisema kwamba kuolewa na mpiga mnada kuna raha yake, maana makelele yote anayaacha kazini.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Orrin hakulisema mnadani wala bungeni. Mama yake alizikwa kwenye makaburi ya kaunti.

Kwetu hiyo ni aibu. Makaburi yale yako nyuma ya mahali palipokuwa na nyumba ya maskini, nje ya mji, kando ya barabara kuu, na waliozikwa pale ni wale ambao hawakuwa na wa kuwazika. Bessie Vavra alikuwa mpishi wa nyumba ile. Mumewe alikwenda magharibi kutafuta kazi, akatafuta vizuri mno, hakurudi. Bessie akaugua mapafu wakati wa theluji, akafa, kaunti ikamzika, na Orrin, ambaye meno ya utotoni yalikuwa hayajaisha kumng'oka, akachukuliwa na mjomba. Hakukuwa na mawe ya makaburi pale, ila vigingi vya chuma vyenye namba. Miaka ikapita, wakata nyasi wakachoka kuvizunguka na mashine zao, wakaving'oa vile vya safu za mbele na kuvitupa ghalani. Tangu hapo Orrin alijua safu ya mama yake, ya pili kutoka kwenye uzio, lakini hakujua tena ni kaburi lipi. Kila mwaka, Siku ya Kumbukumbu, mwisho wa Mei, watu wote wanapopeleka maua makaburini, alipeleka maua ya LaVonne ndani ya kopo la kahawa na kuliweka mwanzo wa safu, wagawane wenyewe.

Kopo lake halikuwa peke yake. Katika safu ya nyuma kabisa, ambako vigingi havikung'olewa, kila mwaka kulikuwa na kopo jingine. Lilikuwa la mzee Nils Aamodt, aliyepoteza shamba miaka ya ukame na vumbi, akafia nyumba ya maskini. Ukoo wa Aamodt ulisema mzee alihamia Oregon. Mkwe wake alikuwa akija alfajiri kuweka maua, akijifunika mtandio, na alipokufa yule mama, mwanawe Curtis akaendelea. Mwaka mmoja Orrin na Curtis walikutana getini, kila mtu na kopo lake. Waligusa kofia, wakaongea kidogo kuhusu mvua, wakaachana. Walisoma darasa moja, lakini urafiki wao hasa ulianza pale getini, kwa kutoulizana.

Huyo Curtis Aamodt ndiye aliyekuja kuwa mbunge wetu.

Watu wale wa vigingi walikuwa na ulinzi mmoja tu duniani. Katiba ya jimbo ilikuwa na kifungu kifupi kilichosema kila kaunti itunze nyumba ya maskini, na ardhi ya kuwazikia wasio na wa kuwazika, na kwamba ardhi hiyo isiuzwe wala isilimwe milele. Nyumba zilikwisha kubomolewa zamani jimbo zima. Ardhi ikabaki, kwa sababu ya kifungu hicho.

Sasa mwaka mmoja Bunge likaunda kamati ya kuisafisha katiba. Marekebisho ya kiufundi, ndivyo walivyoyaita. Yale maneno ya zamani yasiyo na kazi tena yakusanywe kwenye kapu moja, yasomwe, yapelekwe kwa wananchi Novemba wayafute kwa kura moja. Humo walipata vichekesho vya kutosha. Kulikuwa na kifungu kinachomkataza mtu aliyewahi kupigana bastola ana kwa ana kwa sababu ya kutukanwa asiwe gavana. Magazeti yalikishangilia hicho wiki nzima, na hakuna aliyeandika juu ya kingine.

Na kwa kuwa mambo yenyewe yalihesabiwa kuwa ni usafi tu, Bunge likajiwekea utaratibu mwepesi. Katika usomaji wa tatu, msomaji atasoma kifungu kimoja kimoja, na Spika atauliza, "Kuna mkono?" Mbunge yeyote akiinua mkono, hata mmoja peke yake, kifungu kinatolewa kapuni kinabaki katika katiba, na aliyeinua haulizwi sababu. Usipoonekana mkono, kimekwenda.

Orrin alikuwa na desturi ya kupasha mdomo nyumbani. Jioni moja ya Februari alikaa mezani jikoni na muswada ule, LaVonne anaosha vyombo, na yeye anasoma kwa ule mwendo wake wa mnadani.

"Hebu rudia hapo," LaVonne akasema.

"Wapi?"

"Hapo uliposema kuzika."

"Sijasema kuzika."

"Umesema, wewe mzee. Umepita juu yake mbio, lakini umesema."

Orrin akarudi nyuma kwa kidole, neno kwa neno, akakiona. Usomaji wa kwanza na wa pili ulikuwa umekwisha fanyika. Alikuwa ameshakisoma kifungu kile mara mbili mbele ya Bunge zima, mstari wa kukifuta ukiwa umepita juu yake, na masikio yake mwenyewe hayakupata habari. Akasukuma sahani yake ya viazi na nyama ya kusaga, hakuigusa tena usiku ule.

"Nani anaitaka ile ardhi?" LaVonne akauliza.

"Watu wa nguruwe. Nani mwingine?"

Habari za watu wa nguruwe zilikuwa zimezagaa mkahawani tangu mwaka uliopita. Kampuni ya kutoka jimbo jingine ilikuwa inatafuta ardhi tambarare, karibu na barabara kuu, ijenge mabanda ya nguruwe maelfu kwa maelfu, na kando yake ichimbe bwawa la kukusanyia mavi yao.

"Na bwawa watalichimba wapi?" LaVonne akauliza.

Orrin akaufunga muswada. Mabanda yangejengwa palipokuwa na nyumba, penye mwinuko. Bwawa huchimbwa bondeni, na bondeni ndiko yalikokuwa makaburi.

Msomaji wa Bunge haruhusiwi kuwa na maoni. Hata hivyo asubuhi iliyofuata Orrin alikwenda ofisini kwa mwenyekiti wa kamati, Phyllis Rennick, wakili, mwanamke mwenye nywele zilizokaa sawasawa na bakuli la peremende mezani. Alimkaribisha kwa tabasamu refu.

"Orrin! Kaa, kaa. LaVonne hajambo? Chukua peremende."

"Hajambo. Mheshimiwa, nimekuja juu ya kifungu cha nyumba ya maskini."

"Aa, kile. Masikini, kimelala pale miaka mia. Hakuna kaunti hata moja yenye nyumba ya maskini, Orrin. Ni kama kufagia ghala tu, hatugusi kitu."

"Nyumba hakuna. Makaburi yapo."

"Yapo, ndiyo."

"Basi futeni nyumba, makaburi yaacheni."

Phyllis akainamisha kichwa upande, kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Hapo sasa ndipo penye shida, rafiki yangu. Nikikata nusu ya kifungu, nimebadilisha maana yake. Hayo hayawi marekebisho ya kiufundi tena, yanakuwa jambo la kujadiliwa. Lazima nikiondoe chote."

Orrin alimtazama aone kama anatania. Hatanii. Alikuwa ametulia kabisa, mkono juu ya bakuli la peremende, ameridhika na hesabu yake. Kukata nusu ni kubadilisha, kufuta chote ni kufagia. Orrin alitoka pale na ladha mbaya mdomoni, na peremende hakuchukua.

Jumamosi akaenda kwa Curtis. Alimkuta kwenye banda la kuzalia, amepiga magoti kwenye nyasi kavu, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, ndama mbichi anatetemeka mbele yake.

"Funga mlango, bwana, ataganda huyu!"

Orrin akafunga. "Curt. Kifungu cha makaburi kimo kwenye kapu la Phyllis."

Curtis aliendelea kumsugua ndama kwa nyasi. "Najua."

"Nataka mkono mmoja. Huulizwi sababu."

"Utaratibu naujua. Mbunge ni mimi, wewe msomaji."

"Basi?"

"Basi nini? Kwani unadhani mimi sina mtu kule?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote wa ukoo wa Aamodt kulitamka jambo hilo kwa mdomo. Orrin akavua kofia. 

"Utauinua?" akauliza.

"Nitauinua mpaka uone kwapa." Curtis akacheka, akasimama, akanyoosha mkono wake kama ulivyo, na ute wa ndama. Orrin akaushika. Kwetu watu wakishikana mikono jambo limekwisha, ng'ombe ameuzwa, karatasi zinaweza kufuata wiki ijayo. Alirudi nyumbani akiimba kwenye gari, mkono bado unanuka uzazi.

Siku ya usomaji wa tatu ilikuwa karibu na mwisho wa kikao, kila mtu anawaza safari ya kurudi kwao. Asubuhi ile kila meza ya ukumbi ilikuwa na kisahani chenye mkate mnene wa kuviringwa, uliomwagiwa sukari iliyoyeyushwa na karanga juu. Palikuwa na kikaratasi kidogo cha salamu za kampuni ya nguruwe. Hawakuficha hata. Waheshimiwa walijilamba vidole na kushukuru.

Orrin akaanza kusoma. Kifungu cha meli za mvuke kikapita. Kifungu cha nyaya za telegrafu kikapita. Alipofika kwenye kile cha bastola, ukumbi ukaangua kicheko, mmoja akamlenga mwenzake kwa kidole.

"Kuna mkono?" Spika akauliza.

Mbunge mmoja mnene akauinua, watu wakageuka, naye akajikuna sikio. "Samahani, Mheshimiwa Spika, nilikuwa najikuna!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Kikapita.

Kifungu cha makaburi kilikuwa kinafuata. Orrin akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yake yote pale. Alisoma polepole. Alitoa neno moja, akaliacha litue, akatoa la pili. *Ardhi. Ya kuwazikia. Wasio na. Wa kuwazika.* Ukumbi ulianza kushtuka. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka, maana alikuwa amezoea kulala ndani ya ule mvumo, na mvumo ulikuwa umekatika. Kwa mara ya kwanza katika kikao kile wabunge wa jimbo letu walisikia kilichoandikwa kwenye katiba yao, na walionekana kama watu waliofunguliwa mlango wa choo wakiwa ndani.

"Msomaji," Spika akasema, "koo lako lina tatizo?"

"Hapana, Mheshimiwa Spika."

"Basi tusaidie. Watu wana safari."

Orrin akamalizia maneno yaliyobaki, kwa mwendo uleule wa polepole. *Isiuzwe. Wala isilimwe. Milele.*

"Kuna mkono?"

Orrin akamtazama Curtis. Curtis Aamodt alikuwa ameshika mkate kwa mikono miwili. Miwili. Alikuwa anatafuna, macho yake yako kwenye meza, na sukari imemganda kidevuni. Mnadani Orrin alisifika kwa jicho: mtu akiinua kidole kimoja juu ya goti, akigusa tu ukingo wa kofia, alimwona. Alingoja hicho kidole. Angekubali hata kope. Curtis akauma tena.

"Hakuna," Spika akasema. "Endelea."

Na Orrin aliendelea. Hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko mengine yote, na alilirudia kwa LaVonne mara nyingi baadaye: kwamba mdomo wake ulishika mbio wenyewe, kifungu kilichofuata, na kilichofuata, safi kabisa, kama vile hakijatokea kitu. Alijichukia mpaka mwisho wa ukurasa.

Curtis alimvizia kwenye korido.

"Wangeniuliza, Orrin."

"Huulizwi sababu. Ndio utaratibu."

"Ndani huulizwi. Nje je? Mkahawani je, kanisani je? Kwa nini Aamodt anayatetea makaburi ya kaunti, ana nani kule? Mama yangu amekufa akisema mzee yuko Oregon. Leo nimwumbue?" Macho yalikuwa yamemlowa. "Nilitaka kuuinua, bwana wee. Ulikataa. Mkono wenyewe ulikataa."

Orrin alimtazama, na hasira yake ikalegea. Aibu ile aliijua. Alikua nayo, alikula nayo meza moja kwa mjomba wake. Akampiga piga begani, akamwambia basi, yamekwisha, wote wawili wamewapoteza wao. Akamaliza kikao, akarudisha ufunguo wa kabati lake la kofia, akawaambia watafute msomaji mwingine.

"Ni aibu tu," akamwambia LaVonne. "Mtu huwezi kumchukia kwa aibu."

"Mwenye aibu hatafuni mkate namna hiyo," LaVonne akasema.

Siku ya Kumbukumbu ikafika. Orrin alibeba kopo lake, akaliweka mwanzo wa safu ya pili. Kisha, kwa huruma, akatembea mpaka safu ya nyuma amsalimie mzee Nils kwa niaba ya mjukuu wake mwoga.

Kopo halikuwapo. Kigingi hakikuwapo. Palikuwa na shimo lililofukiwa likabonyea, refu kama mtu, na magugu yameota ndani yake.

 Orrin akaendesha gari mpaka makaburi ya mjini, kule kilimani, ambako ukoo wa Aamodt una safu yake chini ya miti. Siku hiyo kilima chote kilikuwa kimejaa watu na maua. Mwisho wa safu ya Aamodt palikuwa na jiwe jipya, jeusi, linalong'aa. Nils Aamodt, Mkulima. Kopo la kahawa lilikuwa mbele yake, hadharani, mchana kweupe. Wala hakuna aliyeuliza kitu. Mzee amerudishwa kutoka Oregon, watu wakaona ni jambo jema.

Orrin hakulitazama jiwe sana. Alitazama nyasi za juu ya kaburi. Zilikuwa nene, zimeshikana, zimekwisha kukatwa na mashine si mara moja. Nyasi za kwetu haziwezi kuota chini ya theluji. Mzee Nils alikuwa amehamishwa kiangazi kilichopita, kabla ya kikao, kabla ya kapu la Phyllis, kabla ya banda la kuzalia na ule mkono wenye ute wa ndama. Kwani unadhani mimi sina mtu kule? Na kweli hakuwa naye. Alikuwa ameshamtoa wake, mapema, kimyakimya, kwa sababu alijua kinachokuja. Kisha akawaachia wengine wote wazame. Yale machozi ya kwenye korido yalikuwa ya nini, labda anajua yeye.

Orrin alirudi kwenye gari akatapika kando ya tairi, mbele ya watu na maua yao. Alipofika nyumbani akamweleza LaVonne, na LaVonne akakaa kitako ngazini.

"Alikupa mkono," akasema. "Alikushika mkono, Orrin."

"Alinishika."

Yaliyofuata ni mafupi. Novemba wananchi waliulizwa kama wanakubali kuondoa katika katiba maneno yaliyopitwa na wakati. Nani angekataa? Walitaniana vituoni kuhusu magavana na bastola, wakapiga kura ya ndiyo kwa wingi wa kutisha, kaunti yetu ikiwamo. Kaunti ikauza ardhi kabla ya Krismasi. Udongo ulioganda ulipolainika, wakaleta mashine ya kuchimba. Waliokuwa na vigingi walitolewa mmoja mmoja, kwa heshima, kama walivyosema gazetini. Wale wa safu za mbele walichotwa waliochotwa, wakatiwa kwenye sanduku moja, sanduku likafukiwa pembeni mwa makaburi ya mjini chini ya bamba la saruji lisilo na jina.

Orrin alisimama kwenye uzio siku ile, kofia mkononi, mpaka msimamizi akamjia.

"Unahitaji kitu, mzee?"

"Mmewapata wote?"

Msimamizi akatazama buti zake. "Tumewapata waliopatikana."

Juni bwawa lilikuwa limejaa. Upepo ukitoka kusini, harufu yake inafika mpaka mnadani, inaingia kwenye kahawa, inakaa kwenye nguo. Wanawake wameacha kuanika nje. Watu wanalalamika kwamba hakuna aliyewaambia.

Muda wote huo Curtis hakukanyaga mnadani. Alipotaka kununua au kuuza, alimtuma mfanyakazi wake wa shamba. Lakini majira yale dhoruba ya mwisho ilikuwa imemuulia ng'ombe wengi, malisho yake yamesimama hayana wa kuyala, na Jumanne ile ilikuwa ya mwisho ya kuuza ng'ombe pamoja na ndama wao kabla ya kiangazi. Ng'ombe wa kununua kwa macho yako humtumi mtu akununulie. Basi akaja mwenyewe, akaketi safu ya mbele, akasalimia huku na huku. Pengine alidhani imesahaulika. Mambo mengi kwetu husahaulika.

Jozi nzuri kuliko zote ziliingia uwanjani, ng'ombe weusi walionona, ndama miguuni. Orrin akaanza kuimba bei. Mikono ikapanda, ikashuka, ikabaki miwili: wa mjane mmoja wa upande wa mto, na wa Curtis.

"Haya!" akapiga ukelele Verlyn, msaidizi wa Orrin wa siku nyingi anayesimama chini kuonyesha mikono, akimwelekezea Curtis.

Orrin akabaki kwenye bei ya mjane. Akaiimba, akaizungusha, akairudisha palepale.

"Haya!" Verlyn tena. Akageuka kumtazama Orrin juu kibandani, akaona uso wake, akafunga mdomo. Shangazi yake Verlyn alikuwa amezikwa safu ya kwanza, kule kwenye makaburi ya kaunti. Akageukia upande mwingine wa uwanja, akaweka mikono mifukoni.

Mvumo wa mnada ukapungua, ukakatika. Wazee wakaacha kahawa zao. Curtis alikuwa ameinua mkono wote, mpaka kwapa linaonekana.

"Orrin," akasema, akijaribu kucheka. "Orrin, niko hapa bwana. Mkono wangu uko juu."

Upepo ulikuwa unatoka kusini. Orrin alisogeza kipaza sauti karibu, akamtazama mtu yule usoni, akamtazama mkono, tena kwa utulivu, na alipozungumza alizungumza polepole, neno moja, kisha la pili, kama siku ile ukumbini.

"Kuna mkono?"

 Ng'ombe mmoja alikohoa. Mkono wa Curtis ulikuwa bado uko juu.

"Hakuna," Orrin akasema, akagonga nyundo, ng'ombe wakaenda kwa mjane.